Globu Thelathini na Moja na Kikapu cha Mzee Bukuru

Baada ya miaka thelathini na mitano, miezi mitatu na siku ishirini na saba, Mzee Matiasi Bukuru anastaafu kazi ya taa katika Hospitali ya Misheni Kirambiro leo, Jumatano, tarehe 30 Juni 1999. Hesabu hiyo kaifanya mwenyewe. Mimi niliandika "miaka thelathini na mitano hivi", naye akairudisha karatasi yangu imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hapendi neno "hivi". Ninayeandika ni Dafroza Malongo, Muuguzi Mkuu, ambaye hapa ninyi nyote mnaniita Matroni. Kazi hii ya kuandika sikupangiwa. Niliiomba, na sababu yake mtaiona mbele kidogo, msiwe na haraka.

Mzee Bukuru alizaliwa Mugoma mwaka 1939, katika nyumba ambayo taa yake ilikuwa moto wa jikoni. Aliyetaka kutoka nje usiku alichomoa kijinga cha moto akakipungapunga njiani. Anakumbuka vizuri koroboi ya kwanza ya baba yake, iliyotengenezwa kwa kopo la dawa ya ng'ombe na utambi wa shuka kuukuu. Familia nzima ilikaa kuitazama mpaka mafuta yakaisha, wakalala bila kula kwa sababu hakuna aliyekumbuka kusonga ugali. Nadhani ugonjwa wake wa taa ulianzia hapo.

Aliajiriwa tarehe 3 Machi 1964 kama Mhudumu wa Taa. Alikabidhiwa chemli ishirini na mbili, karabai nne, mkasi, kikapu kikubwa cha mikono miwili na daftari. Utaratibu wa hospitali ulikuwa mmoja na ulikuwa mkali: kila taa itoke stoo jioni na irudi stoo asubuhi. Saa moja kasoro ya asubuhi wauguzi waliziweka taa kwenye ngazi za wodi, yeye akazikusanya, akaosha vioo kwa sabuni, akavikausha kwa karatasi, akakata tambi na kujaza mafuta. Utambi aliukata akiuzungusha kidogo pembeni ili usitoe moshi. Kisha aliandika kwenye daftari lenye safu mbili, "Imetoka" na "Imerudi". Nimeyapitia madaftari yote kumi na tisa, na sijaona taa hata moja ambayo safu yake ya "Imerudi" iliachwa wazi.

Vijana wetu hawaijui miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, mafuta ya taa yalipokuwa hayapatikani Ngara wala Biharamulo. Mzee Bukuru hakukaa akilalamika. Alipanda minyonyo nyuma ya stoo, akakaanga mbegu zake, akatwanga, akachemsha na kuengua mafuta, akayatia kwenye vibakuli vyenye utambi wa pamba. Kwa miezi saba wodi ya wazazi iliwaka kwa mafuta ya nyonyo. Yalinuka, hilo hata yeye halikatai, na wagonjwa walikuwa wakisema kwamba Kirambiro mtu anapona upesi ili akapumue kwao. Lakini hakuna mama aliyejifungua gizani.

Kisha ukaja mwaka 1988, na jenereta. Mimi sikuwapo, ila nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba naona kama nilikuwapo. Watu walitoka Mugoma, Kabanga na vilima vyote vya karibu, wakajaa uwanjani tangu mchana. Saa kumi na mbili na nusu mashine ikanguruma, madirisha yote yakawa meupe kwa mpigo mmoja. Sista Rozalia, aliyekuwa Matroni wakati ule, alianzisha wimbo wa shukrani. Wagonjwa waliokuwa hawajainuka kitandani kwa wiki mbili waliomba washikwe mkono wakaitazame globu kwa karibu. Globu zilikuwa thelathini na moja, kila moja na swichi yake ukutani. Mzee Bukuru alilia waziwazi, na hajawahi kuona haya kulisema.

Asubuhi iliyofuata, saa moja kasoro, alichukua ngazi na kikapu, akapita wodi hadi wodi, akazifungua globu zote thelathini na moja. Akaziosha kwa sabuni, akazikausha kwa karatasi, akazipanga stoo, akaandika: Imerudi, Imerudi, Imerudi. Jioni akazirudisha moja moja. Wafanyakazi walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi aliyefunga mashine alimweleza taratibu kwamba taa ya umeme haijazwi mafuta, haina utambi na haihitaji kwenda popote. Mzee Bukuru alimsikiliza kwa heshima zote, na kesho yake akapita tena na kikapu. Taa ni taa, alisema, na taa za Kirambiro zinalala stoo.

Hilo lilikuwa kosa, na tuliite kosa. Lakini Mzee Bukuru ni mtu wa daftari. Kila globu aliikwaruza namba kwa msumari kwenye shaba yake, na kila iliyokufa aliiandikia siku na saa. Baada ya mwaka mmoja aliona jambo ambalo fundi hakulisema. Siku alizougua na globu zikabaki darini, mbili tatu ziliungua dakika ileile mashine ilipowashwa. Jenereta ile ikianza ilikuwa inaruka, inatoa umeme mwingi kupita kiasi kabla ya kutulia. Zile alizozifunga mwenyewe baada ya mashine kutulia zilidumu. Basi akaendelea na kikapu chake, safari hii akijua anachokifanya. Tatizo ni kwamba hakumweleza mtu.

Sasa naingia mimi. Nilihamishiwa Kirambiro kutoka Biharamulo mwezi wa Januari 1994, wakati wodi zilikuwa zimejaa watu wa Burundi waliovuka Kabanga miezi mitatu kabla. Nilipofanya ukaguzi wa kwanza mchana, nilikuta holda tupu kila chumba. Nikauliza globu ziko wapi, nikaambiwa anazo Mzee Bukuru. Nikauliza kwa nini, watu wakatabasamu. Mimi tabasamu hilo nililielewa vibaya. Nilikuwa mgeni, nilikuwa na miaka thelathini na minne, na niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kukosea. Tarehe 8 Februari nilimwandikia barua ya onyo kwa "kuondoa mali ya hospitali mahali pake bila kibali". Alijaribu kunieleza. Alisema, "Matroni, mashine ikiamka inapiga teke. Ngoja kwanza itulie." Nilimwambia hapa tunafuata maandishi. Akaweka sahihi, akaniaga vizuri, na kesho yake asubuhi akapita na kikapu.

Mwishoni mwa Aprili watu wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo, wengi kiasi ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Wagonjwa wetu wakawa mara tatu ya vitanda. Tuliazimwa jenereta kubwa zaidi na watu wa misaada, ifungwe Jumanne ya tarehe 17 Mei. Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta Mzee Bukuru koridoni na kikapu kimejaa, nikamnyang'anya mbele za watu. Hata shikamoo sikumpa, mtu wa umri wa baba yangu. Nilikiweka kikapu chini ya meza yangu, na juu ya meza nikaandika barua ya pili, ya kumfukuza kazi. Miaka yake yote thelathini ya kazi ilikuwa imebakiza sahihi yangu tu iishe. Kisha nilipita wodini na ngazi, nikazifunga globu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilifunga ishirini na nne, nikaitwa kwenye mapokezi, na saba zikabaki kikapuni.

Saa kumi alasiri mafundi wakajaribu mashine mpya. Swichi zote zilikuwa zimeachwa zimewashwa, maana mchana hakukuwa na umeme na hakuna aliyejali. Mashine haikupiga teke moja tu, ilipiga mfululizo. Nilisikia milio midogo ikipasuka chumba hadi chumba, ikinifuata koridoni. Globu zangu ishirini na nne zilikufa zote kabla hawajaizima.

Saa kumi na moja na nusu akaletwa mama mmoja kwa machela, Speciose, aliyevuka mpaka kutoka Rwanda siku kadhaa kabla. Uchungu ulikuwa umeingia siku ya pili na mtoto alikuwa amekwama. Daktari alisema apasuliwe mara moja au tuwapoteze wote wawili. Thieta ilikuwa na dirisha moja dogo, na jua lilikuwa linazama. Karabai zetu zilikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco, tochi zilikwenda na gari. Chemli zilikuwapo, lakini dawa yetu ya usingizi ilikuwa ya aina inayoshika moto, na daktari hakutaka kuona utambi unaowaka ndani ya chumba kile. Dukani Ngara mjini globu zilikuwa zimeisha wiki nzima. Nilisimama katikati ya ofisi yangu, na zile globu saba chini ya meza hata sikuzikumbuka.

Mzee Bukuru akagonga mlango, akaingia, akaomba kikapu chake. Hakusema "nilikuambia". Mimi nikasema, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, Matroni. Nipe na karatasi, zimeshika vumbi." Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa ile barua ya pili. Nilimpa. Alizifuta globu zote saba kwa barua ya kumfukuza kazi, akiigeuza upande wa maandishi na upande mweupe, akaikunja na kuitia mfukoni. Kama aliisoma, mpaka leo hajaniambia, nami sijathubutu kumuuliza.

Aliunganisha tena jenereta yetu ya zamani, akaiwasha, kisha akasimama akiisikiliza. Daktari alikuwa amekwisha kunawa. Mimi nilitamani kumsukuma. Yeye aliinua kidole kimoja, akangoja, akaendelea kungoja, mpaka mngurumo ukawa sawasawa. Ndipo akapanda ngazi: nne thieta, mbili wodi ya wazazi, moja mapokezi. Zote saba zikawaka, na mimi niliyekuwa nikiogopa kuchekwa nilipiga kigelegele koridoni nikiwa na sare. Saa moja na dakika kumi mtoto wa kike alilia. Mama yake alimwita Ineza. Desemba 1996, watu wa Rwanda waliporudi kwao, Speciose alipitia hapa na mtoto mgongoni kumuaga Mzee Bukuru. Alimkuta stoo akifuta globu, akamwomba amwonyeshe Ineza moja ya zile saba.

Tangu siku ile kikapu hakijaguswa na Matroni yeyote. Tulipopata kifaa cha kutuliza umeme mwaka 1997, globu zikaanza kulala darini kama kwingineko, na Mzee Bukuru alikubali baada ya kulisoma daftari la majaribio la miezi minne, ambalo alilijaza mwenyewe. Amewafundisha wahudumu watatu. Ameacha stoo ambayo unaweza kuingia umefumba macho ukatoka na unachokitaka.

Lakini lipo jambo moja nililolinyamazia miaka mitano. Barua ya pili ilitumika kufutia globu, ila ya kwanza ilibaki kwenye faili. Kila mwaka Mei Mosi ilipokaribia, jina la Mzee Bukuru lilipelekwa kwa zawadi ya mfanyakazi bora, na kila mwaka lilirudishwa kwa sababu mwenye onyo hapewi zawadi. Mimi nilijua. Nilikuwa na uwezo wa kuifuta kwa mistari miwili, nikawa nasema kesho, kwa sababu kuifuta kulitaka niandike kwamba nilikosea. Naona aibu, na nataka aibu hiyo isomwe mbele ya watu wote walioalikwa leo. Jumatatu iliyopita uongozi umeifuta barua ile kwa maombi yangu ya maandishi. Imetolewa failini, na mahali pake umewekwa wasifu huu, ukiwa na sahihi yangu na mhuri.

Mzee wetu anarudi Mugoma kwa mkewe, mama Priscila, na migomba yake. Mtu huyu aliyetuwashia kila jioni, nyumbani kwake bado anasomea koroboi. Hilo limetukera sisi sote, kwa hiyo wafanyakazi wamemnunulia sola ya kuweka juu ya bati, betri yake, na globu moja. Vijana wanakwenda kuifunga alasiri hii, na mama Priscila amekwisha kutuonya kwamba hatalala kwa furaha, na kwamba anamjua mumewe, kesho asubuhi ataifungua aioshe.

Mzee Bukuru, asante. Asante kwa wagonjwa uliowaamkia na uliowaaga kila siku, asante kwa mafuta ya nyonyo, asante kwa kidole kile kimoja ulichokiinua. Tunakuombea wewe na nyumba yako siku nyingi, afya njema na jioni zenye mwanga. Ukipita Kirambiro, stoo ni yako.

Nimeijaza globu yako kwenye daftari, mstari wa mwisho kabisa, kwa kalamu nyekundu ili usiwe na la kusahihisha. Namba 32. Imetoka: 30 Juni 1999, kwa Matiasi Bukuru, Mugoma. Na safu ya "Imerudi", mzee wangu, nimeiacha wazi.