Anzia Hapa, Katikati

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Bwana Afisa Elimu Kata, Mwalimu Mkuu wangu Abdulhamid, wajumbe wa kamati ya shule, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi watoto mliokaa juani kwa sababu viti vimetuishia: kila mmoja namwamkia kwa nafasi yake. Walionizidi umri, shikamooni.

Nimeambiwa nizungumze dakika kumi. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka thelathini na minne, na sijawahi kumaliza jambo kwa dakika kumi, kwa hiyo mnivumilie.

Mmenisifu sana leo mnaponiaga nikistaafu. Mwalimu Mkuu amesema hakuna mtoto aliyepita kwa Mwalimu Clotilda asijue kusoma. Mkapiga makofi, mkanilisha keki. Keki imepita, maneno yale yamenikaa kooni.

Dirisha la darasa la pili mnalijua. Linatazamana na maduka, na chini yake kuna kipaza sauti kinachotangaza mashuka na madera tangu asubuhi. Ndani nilikuwa na watoto mia moja na arobaini. Nifanyeje nisikike? Nilifanya tunavyofanya wote: "Haya, wote kwa pamoja!" Mmoja anayejua anatangulia, wengine wanadandia, darasa linanguruma mpaka kipaza sauti kinashindwa. Mgeni akipita nje anasema, watoto hawa wanasoma. Ndugu zangu, walikuwa wanaimba.

Na si kwamba sikujua njia nyingine. Nilipelekwa semina nikafundishwa vizuri: ficha picha, mpe mtoto neno ambalo hajawahi kuliona, alisome silabi kwa silabi, muulize anadhani nini kitafuata, akimaliza, akusimulie kwa maneno yake. Na juu ya yote, weka kidole katikati ya ukurasa, mwambie, "Anzia hapa." Anayesoma kweli ataanzia popote. Aliyekariri atarudi juu kabisa, kwa sababu wimbo wake hauna katikati. Nilirudi na moto, nikawaita mezani mmoja mmoja. Kufika Ijumaa nilikuwa nimesikiliza watoto kumi na saba, na waliobaki walikuwa wamepanda madirishani. Jumatatu nikarudi kwenye "wote kwa pamoja".

Badria hakuwemo katika wale kumi na saba.

Badria ni binti wa hapa Mchafukoge, nilikuwa naye darasa la pili miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa na sauti safi na hakuogopa watu. Mwaka ule tulipata wageni wakubwa, tukatafuta mtoto wa kusoma risala. Nilimwandaa mwenyewe wiki mbili, mstari kwa mstari, mimi natangulia yeye anafuata. Siku ilipofika alisimama hapa hapa niliposimama, akaisoma risala yote bila kukwama. Wageni wakainuka kumshangilia. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona karatasi ameishika juu chini.

Nilifanya nini? Nilipiga makofi. Nilipiga kuliko wageni wote. Mwisho wa mwaka nikamwekea A ya kusoma, na huko mbele kila mwalimu aliiona A yangu akajua mtoto huyu hana shida. Alipoanza kufeli wakasema ni mvivu.

Juzi juzi nilimpelekea kadi ya sherehe hii dukani kwa shangazi yake, anakouza vitambaa. Sikumkuta, nikaiacha. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo Mwalimu wangu! Kadi nimeiona, nzuri hiyo! Ila naomba uniambie wameandika nini, maana macho yananisumbua."

Nikampigia. Nikamuuliza, "Macho yameanza lini, mwanangu?"

Akasema, "Tangu darasa la pili, Mwalimu."

Msigeuke kumtafuta. Nilimwomba ruhusa ya kulisema hili, naye akanijibu, "We sema tu, Mwalimu. Mimi nimeshazoea." Wazazi wenzangu, neno hilo limeniliza kuliko msiba.

Sitawadanganya kwamba nina matumaini. Mheshimiwa Diwani, umeahidi kuyapaka rangi madarasa, nakushukuru, lakini rangi haitamsikiliza mtoto akisoma. Kipaza sauti bado kipo. Watoto wa darasa la pili mwaka huu wamefika mia moja na sitini. Mwalimu Leticia anayenipokea ni hodari na ana moyo, na najua kabla mwezi haujaisha atasema "wote kwa pamoja". Nitamlaumu vipi?

Hata leo. Mtoto aliyetusomea risala ametusomea vizuri mno, na huenda anasoma kweli, Mungu ajalie. Nilitaka nimwite pembeni nimwekee kidole katikati ya karatasi. Nikaogopa. Miaka thelathini na minne, jamani, na leo tena nimepiga makofi.

Nawashukuru kwa zawadi na kwa heshima hii, ingawa sijui niipeleke wapi. Badria nimeanza naye Jumamosi iliyopita, nyuma ya duka, kwenye marobota ya vitambaa. Hakutaka kitabu cha watoto, anaona aibu, kwa hiyo tulitumia kadi yenu ya mwaliko wa kuniaga. Niliweka kidole katikati nikamwambia, "Anzia hapa." Aliitazama kadi. Kisha akakisogeza kidole changu taratibu mpaka juu kabisa, akakohoa kidogo, na kwa sauti ile ile safi akaanza: "Familia ya Bwana na Bibi inayo furaha kubwa kukualika kwenye harusi ya kijana wao mpendwa..."

Aliimaliza yote bila kukwama, kisha akanitazama, anasubiri nipige makofi.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.