Bushi ya Kushoto

Pale lami inapokatika na njia ya mawe kuanza kupanda mlima kuna benchi la mbao, na benchi hilo lina wenyewe. Kuna Nati, fundi wa magari, ambaye gereji yake iko nyuma tu ya benchi na ukimtafuta gereji utamkosa. Kuna Hakimu, karani mstaafu ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku, lakini hukumu anayo kwa kila jambo. Kuna Birika, muuza kahawa. Na kuna Polepole, mwenye lile gari refu la milimani lililoegeshwa mbele yao, gari analolipenda mpaka mkewe humuuliza ni nani hasa aliyeolewa. Siku hiyo Polepole hakuwa na raha. Kesho yake alitakiwa kwenda hospitali kumchukua mama mkwe, aliyewekewa nyonga mpya, ampandishe hadi nyumbani kwa njia ile ile ya mawe. Na gari lilikuwa linagonga mbele kushoto.

— Linagongaje? — aliuliza Hakimu.

— Ko, ko, ko. Kila jiwe.

— Hiyo bushi hiyo, — alisema Birika akimimina.

— Bushi gani tena? — Nati aliruka. — Si tumefunga mpya juzi tu, hapa hapa, mbele ya macho yako?

Kweli walifunga. Bushi yenyewe ni kipande cha raba kinachoenea kiganjani. Kinakaa pale mkono unaoshika tairi unapoungana na mwili wa gari, ili mkono ucheze bila chuma kugonga chuma. Nati ndiye aliyeifunga, hakutaka hata asante, huku Hakimu akimmulikia tochi mchana kweupe. Raba ile ilipaswa kuzeeka na gari. Badala yake ilikuwa imeshachanika. Polepole alichungulia asubuhi akaiona kwa macho yake, na tangu hapo alikuwa anatafuta namna ya kumwambia rafiki yake bila kumvunjia heshima. Hakuipata. Alibaki ameshika kikombe.

— Raba za siku hizi, — alisema Nati. — Zinatengenezwa na watu wenye haraka.

— Usisingizie raba, — alisema Hakimu. — Ni mawe. Mawe ya mlima huu yanakua.

— Mawe yanakua?

— Wewe hujaona? Mwaka jana yalikuwa yanafika hapa. Sasa yanafika hapa.

— Mzee, hiyo ni mvua imekula udongo, — alisema Birika.

— Ikila udongo si ndiyo yanakua?

Nati alitikisa kichwa. — Tatizo ni mwendo wa huyu bwana. Polepole mno! Wenzake jiwe wanalipita, yeye analitembelea. Anakaa juu ya jiwe mpaka wanajuana.

— Nibebe watu kama viazi? — Polepole alisema.

— Sikilizeni, — Hakimu alinyanyua kidole. — Raba ni nini? Utomvu wa mti. Mti unaishi kwa nini? Maji. Kiangazi chote hiki bushi haijaonja hata tone. Imepasuka kwa kiu.

— Ndiyo maana niliipaka grisi, — alisema Nati. — Tena tele.

— Lakini grisi si inaila raba? — aliuliza Birika.

— Grisi ina meno?

— Haya, basi niwaambie ukweli, — alisema Hakimu, sauti akiishusha. — Gari limesikia habari za mama mkwe. Linaogopa. Hata mimi, baada ya miaka yote hii, nikimwona mama mkwe wangu magoti yanagonga. Ko, ko, ko.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Polepole alicheka nao, maana aliwapenda watu hawa, lakini moyoni alikuwa anaumia. Aliiona ile nyonga mpya ikirushwa jiwe kwa jiwe, na mama yule mtu wa kuuma meno, hatalia hata kidogo.

Teksi ilisimama ukingoni mwa lami. Yakatangulia magongo mawili, kisha mguu mmoja, kisha mama mkwe mwenyewe, na bahasha ya dawa kwapani.

Polepole alisimama kama kachomwa. — Mama! Shikamoo. Si tulisema kesho?

— Marahaba, baba. Wametaka kitanda chao. Na mwanangu ameniambia hupo nyumbani, nikutafute hapa.

Walimpisha benchi lote. Aliketi taratibu, upande mmoja, akalitazama gari, kisha akawatazama wao.

— Mwanangu ameniambia pia gari linagonga. Mimi sijui magari. Nyonga hii ingekuwa yenu, wanangu, mngepanda?

Hakimu akayatazama mawe. Birika akafunika birika lililokuwa halihitaji kufunikwa. Aliyejibu ni Nati.

— Mimi nisingepanda, mama. Niliharibu mimi. Bolti ya bushi inatakiwa ikazwe gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake. Ukikaza wakati tairi linaning'inia, gari likishushwa raba inabaki imesokotwa, hata gari likiwa limeegeshwa. Lazima ichanike. Na grisi ndiyo kabisa, inaiozesha.

— Ulikuwa unajua? — Polepole aliuliza pole pole.

— Nilijua. — Nati alijishika tumbo. — Gari likiwa chini, tumbo hili halipiti. Nikaona haya kuwaambia. Nikakazia juu ya jeki.

Hakuna aliyecheka.

— Mwanangu, — alisema mama mkwe, — mimi nimeficha nyonga mpaka nikakatwa. Wewe umewahi.

Nati alitoka gereji na bushi nyingine, kavu, bila grisi. Polepole alivua shati, maana mbavu zake zilipita popote, akajisukuma chini ya gari. Nati alilala ubavu kwenye changarawe, shavu chini, akimwelekeza.

— Usikaze bado. Hakimu, shusha jeki. Shusha yote. Limekaa? Haya, sasa kaza. Kaza mpaka igome.

Kahawa ilikwisha wakiwa bado wamelala. Walipomaliza, Polepole alimwinua mama mkwe kwa mikono miwili, akamweka kiti cha mbele. Alipozunguka kwenda kwenye usukani alimkuta Nati ameshafungua mlango wa nyuma, ameingia na spana yake na vumbi lake, amekaa upande wa kushoto. Hakuna aliyemwomba.