Delmer Stancil na Sauti Aliyoililia Maisha Yake Yote

Marehemu Delmer Stancil, ambaye leo tunamrudisha kwenye udongo mwekundu wa Harlan Creek, Texas, alizaliwa hapa hapa tarehe 4 Machi 1928, mtoto wa pili wa Otis na Mattie Stancil. Wa kwanza ni mimi, Verna, ninayewasomea wasifu huu. Atakayeona nimesema kwa ukali anisamehe.

Alisoma shule ya hapa kijijini hadi darasa la nane. Mwaka 1942 mama yetu alifariki, tukaingia shambani kuchuma pamba, na huko ndiko alikojifunza kuimba. Delmer hakulitupa neno. Alilishika mwishoni mwa mstari, akalishusha polepole mpaka likakwaruza, na msikilizaji akasahau kupumua.

Alianza kuimba katika baa za kando ya barabara mwaka 1950. Miaka mitatu baadaye alimkaribisha Wendell Pruitt, mpiga gita, akamlaza kwake na kumfundisha wakiwa safarini. "Mbona unaukimbiza mstari, ndugu yangu? Kwani unafukuzwa na mbwa?" Wendell alielewa, tena vizuri mno. Delmer alipofika Nashville kutafuta kurekodi Mei 1957, sauti ya Wendell ilikuwa kwenye kila redio, na mkubwa wa kampuni ya santuri alimkatiza kwenye ubeti wa kwanza.

"Unaimba vizuri, kaka, lakini Wendell tunaye. Watu watasema unamwiga."

"Namwiga? Mimi ndiye niliyemfundisha!"

"Kila anayekuja hapa husema hivyo."

Alirudi nyumbani, akafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao miaka ishirini na saba. Pruitt aliwaambia waandishi kwamba sauti ile alizaliwa nayo. Shukrani ya punda ni mateke.

Tarehe 11 Juni 1955 alikuwa amemwoa Lorene Tackett. Baada ya Nashville alipiga marufuku redio nyumbani, naye Lorene akaificha kwenye pipa la unga. Kila mkate wa mahindi ulipochelewa, Delmer alijua nani anaimba jikoni. "Mwambie Wendell amalize, tule," alimwambia mkewe.

Februari 1987 aligundulika na saratani ya koo. Madaktari wa Houston walikata panapotoka sauti, akawa anaongea kwa chaki na kibao. Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1988. Siku tatu kabla ya hapo aliniandikia: "Dada, ile sauti ni yako. Niliichukua kwako shambani. Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, Delmer? Baba alikataza binti kuimba mbele za watu. Wewe ulipewa gita."

Akaandika, "Nisamehe."

Nilifuta kibao, sikumjibu. Miaka thelathini na moja nilimsikiliza akilia kwamba ameibiwa, huku nikimmiminia kahawa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Marehemu ameacha mjane, Lorene, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Bwana Pruitt ametuma shada, na ameomba aimbe hapa kaburini. Tumepokea shada tu. Nitaimba mimi. Nina miaka sitini na mitatu, na sijawahi kuimba mbele za watu.

Delmer, jibu lako ndilo hili. Lisikilize, kisha upumzike kwa amani.