Mwanaisha Rashid, Aliyemwacha Watiri Azeeke

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Mwanaisha Rashid anastaafu baada ya kulichorea jarida letu la katuni, Tarumbeta, kwa miaka thelathini na moja. Hapa ofisini jina hilo hutumiwa na mtu anayeleta barua ya benki tu. Sisi wengine, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa lango, tunamwita Mama Safa, kwa jina la binti yake. Wasomaji hawaijui sura yake, lakini wanamjua Watiri wa Radi, mama wa shambani anayerusha radi kwa kiganja na kuulinda mji wa Baridini. Kila mstari wa Watiri umetoka kwa mkono wa Mama Safa.

Alizaliwa Majengo, hapa hapa Nyeri mjini, na alianza kwa kupaka rangi mabango ya maduka. Mhariri wetu, Mzee Ngatia, alimgundua kupitia simba aliyemchora kwenye ukuta wa duka la viatu, simba aliyevaa raba na kuonekana kwamba zinambana. Ngatia alisimama pale akicheka peke yake hadi mwenye duka akatoka kuuliza kama ana shida. Wiki iliyofuata Mama Safa alikuwa na meza kwetu.

Baridini ni mji ambao haupo popote, na hilo ndilo limetuletea kesi nyingi za kumalizwa kwa chai. Siku za mwanzo Mama Safa alichora mlima unavyoonekana kutoka Nyeri, kisha ukurasa wa pili akauchora unavyoonekana kutoka Kerugoya, ambako alikuwa amekwenda harusi. Watu wa huku wanaujua mlima wao kama uso wa mama mzazi, na simu hazikukoma. Kerugoya walisema Baridini ni kwao, Nyeri wakasema wezi hao. Mama Safa hakubishana na mtu. Tangu siku hiyo mlima wa Baridini umefunikwa na wingu, kama mlima wenyewe unavyofanya siku nyingi, na hata watu wa Kiriaini wana haki ya kudai kwamba mji ni wao.

Adui wa Watiri ni Jalidi, anayegandisha majani ya chai na maziwa kwenye mitungi. Bila kukusudia, Mama Safa alimpa sura ya Gathogo, mwenye bucha huko Chaka ambaye alikuwa amemuuzia nyama mara moja tu. Gathogo alifika ofisini akiwa na jarida mkononi, na Ngatia akaanza kutafuta namba ya wakili. Gathogo aliketi, akapewa chai, akasema alichokuja kusema: "Mimi sijakataa kuwa mbaya. Lakini mnanipiga kila mwezi. Ati hata siku moja siwezi shinda?" Toleo lililofuata Jalidi alishinda, na Chaka jarida likaisha kabla ya saa sita mchana. Gathogo alipofariki, mwanawe Muriithi alichukua bucha, kisha akatupigia simu kutukumbusha kwamba sasa Jalidi ni yeye. Mama Safa aliona ni haki. Alimpa Jalidi mrithi mwenye pua ya Muriithi, na mambo yakaendelea.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kumwacha Watiri azeeke. Ngatia alitaka shujaa abaki kijana milele, kwa kuwa ndivyo mashujaa wa katuni walivyo. Mama Safa alikataa. Alimpa mvi, akampa miwani, akampa goti linalouma wakati wa mvua. Ikafika mahali radi inatoka kiganjani ikiwa imechoka, na ofisi nzima ikabishana ni nani amrithi, mwanawe au mgeni kutoka mbali. Katikati ya ubishi Ngatia alipokea simu kutoka nyumbani. Alikuwa akiongea na binti yake wa miaka mitatu, aliyepewa jina la nyanya yake kama ilivyo desturi, na kwa hiyo Ngatia humwita mama. "Pole mama, nitachelewa kidogo. Usinikasirikie, mama." Alikuwa akiomba ruhusa kwa unyenyekevu kamili. Mama Safa aliweka kalamu chini na kusema mrithi amepatikana. Akawa mjukuu wa shujaa, Watiri mwingine, mwenye jina lile lile. Hakuna msomaji hata mmoja aliyeuliza kwa nini jina halikubadilika. Na yule bibi hakuuawa ili kumpisha mjukuu. Yupo bado, ameketi jikoni Baridini akimsahihisha.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu. Mama Safa alipotangaza kwamba anastaafu, mkurugenzi wetu Monicah alimwomba abaki kwa mkataba. Alipokataa, wakurugenzi waliamua, kwa nia njema kabisa, kwamba Watiri astaafu naye. Wangetoa toleo maalumu la kuaga, kisha basi. Walidhani wanampa heshima. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile. Alimwambia Monicah, "Mimi nikienda, ni mimi nimeenda. Watiri mnamuua kwa nini?" Akakataa sherehe, akakataa zawadi, akasema atakubali keki siku Watiri atakapopata mtu wa kumchora.

Mtu huyo alimchagua yeye, na ndiye anayeandika haya. Mimi Shiku nimeandika maneno ya wahusika wake kwa muda mrefu, meza yangu ikigusana na yake, na kuchora nilikuwa nachora kwa siri, bila mtu kujua isipokuwa yeye. Monicah alikubali tujaribu toleo la Agosti bila kutangaza. Simu ya kwanza ilitoka Chaka. "Huyu si mimi," alisema Muriithi, sauti ikisikika ofisi nzima. "Nani amenifanyia pua hivi?" Nilitamani sakafu inimeze. Mama Safa alichukua simu akajibu, "Ni Shiku. Mzoee." Muriithi hakusema jarida lifungwe. Alisema huyo Shiku aende Chaka amwangalie vizuri. Nilikwenda, nikalishwa nyama hadi nikashindwa kufunga mkanda, nikachora pua hiyo kutoka kila upande. Toleo la Septemba limebandikwa kwenye bucha yake juu ya mizani. Muriithi alitutumia picha ya ukuta huo, na Monicah alipoiona akaagiza keki.

Nimewaza sana kwa nini hakutaka mkataba, maana mkono wake bado ni thabiti kuliko wangu. Naamini ameondoka sasa makusudi, angali na nguvu za kunikosoa. Ninajivunia hilo kuliko hata nafasi niliyopewa. Hata hivyo Jumatatu naiogopa, na juzi nilimwambia. Alisema yeye pia aliogopa wakati wake, kisha akaniuliza kama nimekula.

Asante, Mama Safa, kwa kila ukurasa na kwa kila ukali. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa, na wajukuu wa kukusumbua kwa kiasi. Jarida litakufikia Majengo kila mwezi kama linavyowafikia wasomaji wengine. Utaketi, utafungua ukurasa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu umchore, hutajua Watiri atafanya nini.