Joka la Jumapili

Mama Mageni alipanda Noah ya abiria pale Kolandoto akitaka kusinzia hadi Kambarage, lakini vijana wawili kiti cha nyuma walikuwa wanagombania joka. Akafumba macho ili asikie vizuri.

Alielewa upesi kwamba ni mchezo. Watu wanazunguka meza, wanarusha kete, na mmoja wa vijana hao, binti aitwaye Hosiana, ndiye anayewasimulia wamekutana na nini.

"Tumeanza kulipiga saa nane mchana," kijana wa kiume alilalamika, "hadi jua linazama joka bado linapumua! Kila mtu zamu yake ikifika ndipo anaanza kufikiri. Weka sheria: ukihesabiwa hadi kumi hujaamua, zamu imekupita."

"Siweki," alisema Hosiana. "Deusdedit, wewe mwezi wa nne huu unachimba duara lako, umeshuka futi mia, dhahabu hujaiona hata ya kuingia kwenye ukucha. Hujamlalamikia mtu. Leo joka la Jumapili moja limekushinda?"

Hapo Mama Mageni nusura acheke, na aliyelala hacheki.

"Duarani sululu naishika mwenyewe! Kwako nakaa tu, naangalia wenzangu wakipigana."

"Basi kaa uangalie. Joka langu halifi kwa haraka zako. Anayetaka cha kufa upesi akachinje kuku."

Gari likasimama. "Kambarage! Mama, si unashuka hapa?" dereva aliuliza.

Mama Mageni alifumbua macho, akaupakata mkoba wake vizuri zaidi.

"Nashukaje, ng'wanawane, mwanangu, na joka bado liko hai?"