Malori Tisa Juu ya Daraja Bovu: Maisha ya Dada Yetu Dereva

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutushika mkono, mimi ni mdogo wake wa mwisho, yule aliyebebwa naye mgongoni wakati yeye mwenyewe bado anahitaji kubebwa, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba yetu, mlinzi wa bohari, na mama yetu, mshonaji. Alisoma shule ya msingi ya wafanyakazi wa reli kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari hadi 1979, akafaulu vizuri katika hesabu, na katika mwenendo mwalimu mkuu akaandika kwamba ni mtulivu kuliko inavyofaa.

Mwaka 1980 aliajiriwa kiwanda cha unga kama karani wa mizigo, kazi ya kukaa dirishani na kuhesabu magunia yanayotoka, lakini macho yake yalikuwa kwenye malori, na saa ya chakula alikuwa akimsumbua dereva mmoja mzee amfundishe, mpaka mzee yule akachoka kukataa. Alipata leseni ya magari makubwa tarehe 3 Februari 1986, na siku alipolitoa lori getini mara ya kwanza, wapakiaji walipanda juu ya magunia ili waone vizuri atakavyogonga nguzo, na hakugonga. Jina la Taratibu alilipata pale, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia wote, wapakiaji, mafundi, hata meneja.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye yupo hapa mbele yetu, na wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1985 na wa kiume mwaka 1988. Shemeji ananiruhusu niseme kwamba katika miaka thelathini na tisa hakuwahi kupewa usukani mkewe akiwemo ndani ya gari.

Mwaka 2001 alijiunga na shirika la misaada lililokuwa likipeleka chakula na dawa kwa watu waliokimbia mapigano, akafanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minane. Hapa, ndugu zangu, nakiri kwamba sisi familia hatukujua alichokuwa akikifanya. Akirudi safari tulimuuliza habari za huko, naye alijibu barabara ni mbaya, kisha akaomba maji ya kuoga. Mambo ninayowasomea sasa nimeyapata juzi, kutoka kwa kiongozi wa msafara wake, na kwa mama mmoja fundi cherehani aliyekuwa ng'ambo ya mto siku nitakayowasimulia.

Jumanne, tarehe 16 Septemba 2008, malori tisa ya unga, maharage na mafuta yalifika kwenye daraja lililopigwa mabomu, na upande wa pili kulikuwa na watu elfu sita na mia nne, waliokuwa wamekaa siku kumi na tisa bila kupokea chochote. Nguzo moja ilikuwa imepasuka na mbao zimelegea. Kiongozi wa msafara alisema, "Mama, hili halibebi, tugeuze." Dada yetu akavua viatu, akatembea juu ya daraja lote, kwenda na kurudi, akigonga mbao kwa kisigino, kisha akamjibu, "Mzigo mzima halibebi. Tushushe nusu, hiyo ibebwe kichwani."

Nusu iliposhushwa na madereva wenzake wakaanza kupanga nani atangulie, aliwaambia, "Nyinyi bado mnanunua sare za shule. Wangu wameshakua, mmoja ana ndevu na mwingine ana mume. Nipeni funguo." Wakadhani anazungumzia lori la kwanza tu. Aliwaamuru wote wakae mbali, akafungua mlango na kuufunga kwa kamba ubaki wazi, akavusha lori la kwanza peku, polepole kiasi kwamba mtoto angeweza kulipita, akaliegesha, akarudi kwa miguu, akanyoosha mkono apewe funguo za la pili.

Kwenye lori la saba ubao ulikatika chini ya gurudumu la nyuma, lori likainama upande wa mto, na kiongozi wa msafara anasema alifumba macho, kwa sababu hakutaka kuwa shahidi. Dada yetu hakukanyaga breki wala hakuongeza mwendo, akaendelea vilevile, na gurudumu likapanda lenyewe. Alirudi kwa miguu, akaliruka lile tundu, akaomba funguo za la nane. Yule mama fundi cherehani ameniambia kwamba upande wao maelfu walisimama ukingoni bila mtu kukohoa, na lori la tisa lilipogusa ardhi hakuna aliyeshangilia, watu walikaa chini tu palepale walipokuwa. Mama huyo alikuwa na mwanawe mchanga mgongoni. Mwana huyo sasa yuko sekondari, anataka kuwa muuguzi, na yupo kati yetu.

Nilimuuliza shemeji kama alijua. Alisema mkewe alirudi siku ya tano, akala, akasema walichelewa kidogo, kulikuwa na daraja.

Alistaafu mwaka 2019. Novemba 2021 alianza kuvimba miguu, ikagundulika kuwa figo zimeshindwa, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, bila kukosa na bila kulalamika, hadi Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, saa tatu asubuhi, alipoaga dunia mwanawe wa kike akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama mama yao, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu miaka miwili na zaidi, madereva na wapakiaji waliokuja kutoka mbali, na ninyi mliovuka mpaka kuja kumzika mtu ambaye, kama mlivyoniambia mlangoni, hamkuwahi kupata nafasi ya kumshukuru. Sisi wa damu yake tumekuja kumfahamu kupitia kwenu, na kwa hilo tuna deni kwenu.

Dada, tuliishi nawe nyumba moja na hatukujua ukubwa wako. Tusamehe, na upumzike kwa amani.