Sauti Isiyojua Kiswahili

Bwana asifiwe! Na ninyi mliokaa mlangoni mkiota jua, asifiwe pia.

Ndugu zangu, kabla ya Uhuru baba alinunua ng'ombe kule Masama, akamswaga kwa miguu mpaka kwetu Machame. Ng'ombe yule alikuwa na kichwa kigumu! Kila asubuhi amekata kamba, yuko njiani anarudi kwao. Baba akasokota kamba ya katani, nene kama mkono wa mtoto. Ng'ombe akatulia. Baadaye akafa, baba naye akafa, kamba ikabaki inaning'inia ukutani. Mtasema kamba na wokovu wapi na wapi. Ngojeni.

Kamba ile ndiyo kaka yangu Elifasi aliyonifungia mimi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, sabuni ya kutafuta. Nilianza kusikia sauti kama ya baba, inaniambia kwa Kichagga nitoke kihambani, shamba letu la migomba, si pangu. Nikafyeka migomba yote ya mbele ya nyumba, mchana kweupe. Elifasi akanifunga kibandani pamoja na ng'ombe wake. Simlaumu, alikuwa na watoto wadogo. Wazee wa kanisa waliomba, nami niliomba. Kimya. Mwisho mjumbe wa nyumba kumi akasema, "Mpelekeni hospitali. Akirudi vilevile, mfungeni moja kwa moja." Yaani maisha yangu yote, ndugu zangu!

Daktari wa vichwa pale hospitali alikuwa mwembamba, mtu wa kusini. Watu walinong'ona: huyu amekosa nini hata apewe vichaa, wenzake wakipewa mifupa? Mimi sina adabu, nikamuuliza. Akacheka.

"Nilichagua mwenyewe. Mfupa hauniambii kitu, ndugu. Wewe utaniambia."

Ndugu! Nami nimefungwa mikono! Kisha akauliza jambo ambalo hata mchungaji hakuuliza.

"Hiyo sauti inasema lugha gani?"

"Kichagga."

"Mimi sikijui. Nitafsirie."

"Inasema... toka kihambani."

"Iulize kwa nini. Kwa Kiswahili."

Nikauliza kwa nguvu. Kimya! Elifasi, aliyenileta, akadakia, "Daktari, mzee wetu hakujua Kiswahili. Sokoni alinunua kwa kuonyesha kidole."

Tukacheka wote watatu, halafu mimi nikalia.

Sisemi kicheko kiliniponya. Vidonge nilimeza, mikono ikatetemeka, sauti ikarudi mara nyingi. Lakini kila ikija niliijibu kwa Kiswahili, nayo ikafifia mpaka ikawa kama redio ya jirani. Na mimi nilikuwa nimemwomba Mungu malaika! Akaniletea mtu asiyejua Kichagga. Asante Bwana! Wewe uliyeficha mtu kibandani, mtoe, umpeleke. Mtumaini Mungu, na vidonge vimezwe.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alinisindikiza mwenyewe mpaka nyumbani, anataka kuona pale ninapolala. Elifasi alisimama mlangoni, ile kamba mkononi. Ni hofu tu, wala si ubaya.

"Shikamoo kaka," nikamwambia.

Hakuitikia. Daktari akaitazama kamba.

"Hiyo ya nani?"

Elifasi akanitazama mimi.

"Ya ng'ombe," akasema. Akaenda kumfunga ng'ombe. Kutoka kule kibandani nikamsikia, "Marahaba."

Daktari akakaa, akapewa mtori, ile supu yetu ya ndizi. Alimaliza mtori wake, akashuka kwa njia ya mfereji, begi mkononi, akiitazama migomba iliyochipua. Hakurudi tena.